Druidi katika Dungeons & Dragons: anapotisha, anapokwama, na namna ya kumcheza

Dungeons & Dragons ni mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, na mtu akisikia kwamba humo kuna mhusika, druidi, anayeweza kugeuka dubu, akili yote inahamia kwa dubu. Ndiyo maana madruidi wengi huchezwa vibaya: pambano likianza anageuka mnyama, anakwaruza mmoja wawili, anapigwa mpaka anarudi kuwa mtu, anageuka tena, basi. Speli zake zote, yaani uchawi wake, zimelala. Mwongozo huu ni wa mchezaji anayetaka kumshika druidi vizuri tangu levo (ngazi ya mhusika) ya 1, na msimamo wangu nauweka wazi mapema: nguvu ya druidi iko ardhini, pale adui anapokanyaga. Dubu ni nyongeza.

Nafuata kanuni za toleo la tano kama zilivyochapishwa mwaka 2014. Sehemu yake ya msingi inapatikana bure na kihalali mtandaoni, na tofauti za marekebisho ya 2024 nimeziweka mwishoni. Majina ya speli nimeyaacha kama yalivyo kitabuni ili usihangaike kuyatafuta.

Kidogo kuhusu asili yake, maana inaeleza mambo ambayo bila hivyo yangeonekana ya ajabu. Madruidi walikuwa watu kweli, makuhani wa Wakelti wa Ulaya ya kale. Julius Caesar aliandika kwamba baadhi yao walikaa masomoni hadi miaka 20, wakikariri beti bila kuziandika. Pliny, mwandishi wa Kirumi, naye akaeleza jinsi walivyopanda mwaloni kukata ulimbo, mmea unaoota juu ya miti, kwa mundu wa dhahabu. Mchezo ulipomfanya druidi mhusika wa kuchezwa mwaka 1976, mundu na ulimbo viliingia naye, na vipo kwenye orodha ya vifaa vyake mpaka leo. Lugha ya siri ya madruidi na mwiko wa chuma vinatoka kwenye taswira hiyo hiyo ya watu wa msituni wenye miiko yao.

Hatua ya 1: Mhoji mwendesha mchezo kabla ya kuandika jina la mhusika

Druidi anategemea uamuzi wa mwendesha mchezo, yule anayesimulia hadithi na kuamua kanuni mezani, kuliko karibu wahusika wengine wote, kwa hiyo usianze kwa kudhani. Uliza kwanza kama kundi litakuwa likipata mapumziko mafupi. Kugeuka mnyama kunaruhusiwa mara mbili tu, na mara hizo hurudi baada ya mapumziko, mafupi au marefu. Kwenye meza ambayo watu hupigana mara tano mfululizo bila kukaa chini, druidi wa wanyama atakauka mapema.

Kisha uliza ni wanyama gani mhusika wako amewahi kuwaona, kwa sababu unaweza kugeuka tu mnyama uliyemwona. Aliyekulia kwenye barafu hana sababu ya kumjua mamba. Na uliza kuhusu chuma: kitabu kinasema druidi hatavaa deraya wala kubeba ngao ya chuma, lakini hakisemi kinachompata akivaa. Baadhi ya waendesha mchezo huruhusu deraya ya magamba ya joka au ya mifupa yenye nguvu ileile. Usipouliza, hupewi.

Hatua ya 2: Panga namba

Hekima iwe juu, maana speli zako zote zinaipima. Ya pili ni Ustahimilivu, na sababu yake utaiona kwenye hatua ya 4. Wepesi ukifika 14 inatosha: deraya ya ngozi ngumu inakupa 12, Wepesi unaongeza 2, ngao ya mbao 2, jumla kinga ya 16, yaani namba ambayo adui lazima aifikie kwa dadu ili akupige. Hiyo ni kinga ya heshima. Nguvu, Akili na Haiba vipewe makombo. Mnyama utakayegeuka anakuja na Nguvu, Wepesi na Ustahimilivu wake mwenyewe. Wewe unabaki na Akili, Hekima na Haiba zako.

Mwendesha mchezo akiruhusu binadamu wa kanuni mbadala, mchukue bila kusita. Ukianza na mpangilio wa kawaida wa 15, 14, 13, 12, 10, 8, weka 15 kwenye Hekima, 14 kwenye Ustahimilivu na 13 kwenye Wepesi, kisha nyongeza zako mbili ziende kwenye Hekima na Wepesi. Umepata 16, 14 na 14, na bado una kipaji kimoja (uwezo maalumu) cha kuchagua. Kipaji hicho kiwe War Caster; sababu utaiona kwenye hatua ya 4.

Hatua ya 3: Levo ya 2, chagua duara

Kitabu cha msingi kina maduara mawili, yaani njia mbili za kumkuza druidi. Duara la Mwezi ni la wapenda wanyama. Wao hugeuka kwa kitendo cha ziada (kile kidogo cha haraka ndani ya zamu) badala ya kitendo kizima, na tangu levo ya 2 wanaruhusiwa mnyama wa kiwango cha ugumu 1 (kipimo cha ukali wa kiumbe), wakati wengine wamebanwa kwenye robo. Tofauti hiyo ni kubwa mno. Dubu wa kahawia ana pointi 34 za uhai na anashambulia mara mbili kwa zamu. Mpiganaji wa upanga wa levo hiyo hiyo ana pointi kama 20. Na dubu akiisha, wewe chini yake hujaguswa, isipokuwa na yale madhara yaliyozidi, halafu unaweza kugeuka tena. Kati ya levo ya 2 na ya 4 hakuna anayekusogelea kwa kuvumilia kipigo.

Ila neema hiyo ina mwisho. Levo ya 5 mpiganaji anapata shambulio la pili, wewe bado uko na dubu yuleyule. Levo ya 6 ndipo unaruhusiwa kiwango cha 2, na mashambulio ya mnyama wako yanahesabiwa kuwa ya kichawi; kabla ya hapo, kiumbe kinachopunguza makali ya silaha za kawaida kitakucheka. Anayemcheza druidi wa Mwezi kwa dubu peke yake atajiona mfalme kwa majuma ya mwanzo, kisha aanze kulalamika kwamba mhusika wake kaharibika.

Duara la Ardhi hudharauliwa, na mimi nadhani linaonewa. Mara moja kwa siku, kwenye mapumziko mafupi, unarudishiwa nafasi za speli (akiba yako ya siku ya kuziwasha) zenye jumla ya levo sawa na nusu ya levo yako, ukikadiria juu. Pia unachagua aina ya nchi uliyotokea, nayo inakupa speli ambazo wakati wote ziko tayari bila kula hesabu yako. Chagua Pwani. Inakupa Mirror Image na Misty Step levo ya 3: ya kwanza inakuzungushia vivuli vitatu vya kumchanganya adui, ya pili inakuhamisha futi 30 kufumba na kufumbua, na zote mbili hazidai umakini wako. Milima nayo, levo ya 5, inatoa Lightning Bolt, ambayo madruidi wengine hawana.

Hatua ya 4: Elewa umakini kabla hujachagua speli

Hapa ndipo druidi anapofia. Speli nyingi nzuri zinakutaka uzishikilie akilini, ndio umakini wenyewe, na huwezi kushikilia mbili kwa wakati mmoja. Ukiwasha ya pili, ya kwanza inazimika. Kila ukipigwa unarusha dadu ya pande 20 ya kujinusuru na kuongeza Ustahimilivu; ukishindwa, speli inazimika. Kizingiti ni 10 au nusu ya madhara uliyopata, ile iliyo kubwa.

Fanya hesabu na dubu wetu. Ustahimilivu wake unampa +3, kwa hiyo kizingiti cha 10 anakivuka akipata 7 au zaidi, yaani asilimia 70. Si haba. Lakini kinga yake ni 11 tu, kila mtu anampiga. Akipigwa mara tatu, uwezekano wa speli kubaki hai baada ya zote tatu ni kama asilimia 34. Speli uliyolipia nafasi yako nzuri ya siku inadondoka ndani ya raundi moja au mbili kwa sababu ulijitupa mbele. Ukiwa na War Caster unarusha dadu mbili na kuchukua kubwa. Kila jaribio linapanda hadi asilimia 91, na yote matatu asilimia 75. Vipaji vyako na mafunzo yako ya kujinusuru vinabaki nawe hata ukiwa mnyama. Ndiyo maana nilisisitiza kipaji hicho.

Kwa hiyo, unapoandaa speli za siku, usijaze orodha kwa zile za umakini. Druidi anachagua kutoka orodha nzima ya madruidi kila asubuhi, idadi sawa na levo yake pamoja na kiongezo cha Hekima. Ni uhuru mkubwa, na ni chanzo cha meza nzima kukusubiri ukipekua kitabu. Andaa orodha moja ya kawaida uikariri, na ubadilishe moja au mbili tu kulingana na safari. Yangu huwa hivi kwa levo za mwanzo:

- Za umakini, chagua mbili tatu: Entangle (magugu yanayonasa) kwa kundi linalokuja mbio, Faerie Fire (mwanga unaomwanika adui) kwa adui mwenye kinga kubwa au asiyeonekana, Spike Growth mara tu unapofika levo ya 3.
- Zisizo za umakini: Healing Word, Goodberry, Thunderwave (wimbi la ngurumo linalosukuma). Levo ya 5 ongeza Plant Growth.

Healing Word inatumia kitendo cha ziada na inafika futi 60. Usimponye mtu aliyechubuka; isubirie rafiki aanguke, umwinue, kisha kitendo chako kamili kifanye kazi nyingine. Goodberry inatoa matunda 10, kila moja linarudisha pointi 1 na kumlisha mtu siku nzima, na yanadumu saa 24. Mbinu yake ni hii: usiku kabla ya kulala, nafasi zote za speli zilizobaki zigeuze kuwa matunda. Asubuhi nafasi zimerudi na matunda bado yako mfukoni. Kama mwendesha mchezo alipanga hadithi ya kuvuka jangwa kwa njaa, mwambie mapema una speli hiyo, vinginevyo utamharibia kazi yake yote kwa kiganja cha matunda.

Plant Growth wengi huiruka, na sielewi kwa nini. Panapokuwa na mimea, eneo la nusu kipenyo cha futi 100 linasongamana kiasi kwamba kusogea futi 1 kunagharimu futi 4. Mwenye kasi ya futi 30 anajikokota futi 7 na nusu. Hakuna dadu ya kujinusuru, hakuna umakini.

Hatua ya 5: Zamu ya kwanza ni ya ardhi

Tuchukue pambano moja tulifuate kwa karibu. Kundi la wanne, levo ya 3, limesimama kwenye mdomo wa korongo jembamba. Orki sita, viumbe wakali wa mchezo huu, wanashuka kutoka upande wa pili. Orki wa kitabuni ana pointi 15 za uhai na kasi ya futi 30, na ana tabia ya kutumia kitendo chake cha ziada kumkimbilia adui anayemwona.

Zamu yako ikifika, usigeuke. Otesha Spike Growth katikati ya korongo: duara lenye nusu kipenyo cha futi 20, mwiba kila mahali, kusogea kunagharimu mara mbili, na kila futi 5 anazotembea kiumbe humo zinamchoma dadu mbili za pande 4. Wewe rudi usimame hatua moja tu nje ya ukingo wa karibu.

Sasa orki anaingia. Kasi yake ya 30 inamfikisha futi 15 tu ndani. Hizo ni futi 5 mara tatu, dadu sita za pande 4, wastani wa pointi 15. Wastani huo ndio uhai wake wote. Akinusurika na kutumia mbio zake za ziada, anajiongezea futi 15 nyingine za miiba. Anayesimama katikati kwa kuogopa, mvute kwa Thorn Whip, speli ndogo isiyoisha, inayofika futi 30 na kumburuta hadi futi 10 kuja kwako. Kuburutwa nako kunahesabiwa: dadu nne nyingine za miiba juu ya zile za mjeledi wenyewe.

Orki wenye busara watakataa kuingia na kubaki kurusha mikuki. Vizuri, mikuki yao zaidi ya futi 30 hurushwa kwa kubahatisha, na mpiga mishale wenu amepata shabaha zilizosimama. Wachache watakaotokeza upande wenu wakiwa wanachechemea wanakutana na mpiganaji wenu, na hapo sasa, kama wewe ni wa Mwezi, geuka dubu kwa kitendo cha ziada ukazibe njia pamoja naye. Speli uliyokwisha kuiwasha inaendelea ukiwa mnyama. Huwezi kuwasha mpya, lakini ya zamani unaishikilia.

Kama wewe ni wa Ardhi na huna mwili wa kupigana, zamu inayofuata geuka panya au paka, ujipenyeze chini ya jiwe. Adui akikosa wa kumpiga, miiba haizimiki. Ni mbinu ya kioga na inafanya kazi.

Adui akiwa shujaa mmoja aliyevaa chuma kizito, badilisha dawa: Heat Metal. Deraya yake inachemka, dadu mbili za pande 8 bila kujinusuru, na kila zamu unarudia kwa kitendo cha ziada, hata ukiwa dubu. Kuvua deraya nzito ni kazi ya dakika 5. Speli inadumu dakika 1. Kati ya speli zote za druidi, hii ndiyo inayofanana zaidi na kisasi.

Hatua ya 6: Andaa wanyama kwenye kadi

Usije mezani na kusema "ngoja nitafute mbwamwitu". Andika wanyama watano sita kwenye kadi: kinga, uhai, kasi, mashambulio. Kwa wa Mwezi: dubu wa kahawia wa kuumiza, mbwamwitu mkubwa mwenye kinga 14 na uhai 37 anayeangusha watu chini, na fisi mkubwa mwenye uhai 45 kwa ajili ya kupigwa tu. Fisi wa kawaida kitabu kimempa kiwango 0, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kuhesabu mbuzi zake asubuhi atalikataa.

Kwa wote: paka, panya, buibui, kwa upelelezi. Kumbuka mipaka ya kuogelea na kuruka: wa kuogelea wanaanza levo ya 4, wa kuruka levo ya 8, na sharti hilo haliondolewi na Duara la Mwezi. Muda wa kukaa mnyama ni saa sawa na nusu ya levo yako. Na ukiwa mnyama husemi, kwa hiyo kubalianeni ishara kabla hujaingia kwenye ngome ya watu ukiwa paka.

Hatua ya 7: Jua pa kukwama, ujipange

Adui anayeruka ndiye msiba wako. Entangle, Spike Growth, Plant Growth, zote ni za wanaokanyaga chini. Weka Faerie Fire tayari na uwaachie wapiga mishale. Call Lightning ya levo ya 5 ni silaha nzuri ya angani, lakini inahitaji uwanja wa wazi; ndani ya pango lenye dari ya chini haiwezekani.

Madhara ya ghafla huna mengi. Mchawi wa vitabu atalipua chumba kizima kwa Fireball wakati wewe unapanda magugu, na utaonekana hufanyi kitu. Vumilia, hesabu zamu ambazo adui hakumfikia mtu yeyote.

Halafu kuna Conjure Animals. Unaweza kuita wanyama wanane wa kiwango cha robo, na mbwamwitu wanane wenye mbinu ya kundi (dadu mbili kwa kila shambulio) wanarusha dadu 16 za pande 20 kila raundi. Wenzako watachukua simu zao. Kwa kanuni za 2014 mwendesha mchezo ndiye anayechagua wanyama wanaokuja, kwa hiyo zungumza naye kabla, na ikiwezekana ita wawili wa kiwango 1 badala ya wanane.

Kama meza yenu inatumia kanuni za 2024

Mengi ya hapo juu yanabaki, ila dubu amepunguzwa. Kugeuka sasa ni kitendo cha ziada kwa madruidi wote, lakini huchukui tena uhai wa mnyama: unapata pointi za uhai za muda sawa na levo yako, na wa Mwezi mara tatu ya levo. Mapumziko mafupi yanarudisha mara moja tu ya kugeuka. Duara linachaguliwa levo ya 3. Mwiko wa chuma umeondolewa, na levo ya 1 unachagua kuwa mlinzi mwenye deraya ya kati na silaha za kivita, au mtu wa speli mwenye speli ndogo moja zaidi. Conjure Animals nayo imekuwa kundi moja la roho linalozunguka nawe, hakuna tena dadu 16. Spike Growth iko palepale, na bado ndiyo ya kwanza kwenye kadi yangu.